Gari la raha, gari la mashaka: Je, furaha nayo ina haki?

Lipo swali ambalo katika vijiwe vya Misungwi limekwisha kujibiwa siku nyingi, na wengi wanaona halistahili tena kujadiliwa. Swali lenyewe ni hili: Je, mtu mwenye akili timamu, mwenye familia na kipato cha kawaida, ana haki ya kuendelea kumiliki kitu anachojua fika kuwa kitamwangusha, kwa sababu moja tu kwamba kitu hicho kinampa furaha? Jibu la kijiweni ni fupi mno: "Uza, nunua IST."

Jibu hilo nimepewa na mafundi, majirani, shemeji zangu na hata kijana anayeniuzia vocha. Mimi ni mkazi wa Misungwi, kazi yangu iko Mwanza mjini, umbali wa kilomita takriban 45, na huu ni mwaka wa nne naipita njia hiyo kwa kigari kimoja cha Ulaya ambacho jina la kampuni yake nitaliacha. Ni kigari cha milango mitano, hakina buti iliyochomoza nyuma, na kwa macho ya mpita njia hakina tofauti na vigari vingine vinavyopeleka watoto shule. Tofauti unaiona ukikanyaga mafuta. Tofauti nyingine unaiona mwisho wa mwezi, unapohesabu kilichobaki baada ya kutoka gereji.

Ndugu msomaji, naomba usiliharakishe jibu. Swali hili linaonekana la magari, lakini ukilichimba utakuta limegusa mambo mazito: mali, jirani, ukweli, na nafasi ya furaha katika maisha ya mtu anayejua kuwa ataulizwa alichokipata alikitumiaje.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Aina hii ya magari ina historia inayoeleweka. Mwaka 1975 kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilionesha huko Frankfurt gari lake dogo la Golf likiwa limepewa injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 110, likaitwa GTI, na mwaka 1976 likaingia sokoni. Mpango ulikuwa kutengeneza magari 5,000 tu. Watu waliligombea kiasi kwamba toleo hilo la kwanza peke yake lilipita magari 400,000. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa wamekwisha kuushangaza ulimwengu kwa kigari chao kidogo cha Mini Cooper kilichoshinda mashindano ya Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967, kikiyaacha nyuma magari makubwa. Wajapani nao hawakulala. Starlet ambayo Watanzania waliizoea kuwa gari la mwalimu na karani, kule kwao ilikuwa na ndugu yake mwenye injini ya lita 1.3 tu iliyofungwa tabo, ikatoa nguvu za farasi 135.

Wazo la magari haya ni moja: chukua gari la mtu wa kawaida, la bei ya kawaida, linaloingia sokoni na kubeba watoto, kisha litie moyo wa gari la mashindano. Ni wazo la kupendeza kwa sababu linamwambia mtu wa kawaida kwamba raha ya kuendesha haikuumbwa kwa matajiri peke yao.

Hapo hapo ndipo penye ugonjwa. Injini ndogo ikitakiwa kutoa nguvu nyingi inakamuliwa. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini, nayo huisukumia injini hewa nyingi kuliko ambayo ingevuta yenyewe. Hewa nyingi ndiyo mafuta mengi, mafuta mengi ndiyo joto jingi, na joto ndilo adui wa kila mpira, kila plastiki na kila tone la oili. Gari la namna hiyo halisamehe. Ukichelewesha oili, ukaweka ya bei rahisi, au aliyekutangulia kule Japani aliliuza kwa sababu alikwisha kuona dalili, deni lote litalipwa na wewe uliye kando ya Ziwa Viktoria.

Wala si jambo la mafundi wa uchochoroni. Volkswagen hao hao walitengeneza injini ya lita 1.4 yenye vipuliza hewa viwili, kimoja kikizungushwa na mkanda na kingine na moshi, ikatangazwa Injini Bora ya Mwaka ya kimataifa mwaka 2009 na tena mwaka 2010. Pamoja na sifa hizo, baadaye ikajulikana kwa wenye nayo kwa kula oili na kupasuka pistoni. Mwaka 2013 kampuni hiyo ililazimika kuyaita zaidi ya magari 380,000 nchini China kwa kasoro za giaboksi zake za klachi mbili. Changu si cha kampuni hiyo, lakini somo ni la wote: werevu wa mtengenezaji na utegemevu wa kitu alichotengeneza ni mambo mawili tofauti.

Kwangu mimi hesabu ni hii. Katika miaka minne nimebadilisha koili za plagi mara mbili, pampu ya maji yenye kasha la plastiki mara moja, na shokapu za mbele ambazo matuta ya barabara kuu yalizimaliza. Oili naongeza kati ya huduma moja na nyingine. Taa ya injini kwenye dashibodi imewaka mara nyingi hata binti yangu mdogo huiuliza hali yake kila asubuhi kama anavyomuuliza bibi yake. Spea ya IST unaipata hapa Misungwi ukiwa umevaa kandambili. Yangu inaagizwa Dar es Salaam, na Dar nao wakikosa inaagizwa ng'ambo. Fundi wangu wa Mwanza, mwenye ile mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ananiita "bosi" kwa heshima ambayo nashuku ndani yake mna huruma.

Sasa furaha yenyewe ni ipi? Wengi wanadhani ni mwendo kasi. La hasha! Penye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na njia yangu kuanzia Usagara, Nyashishi, Buhongwa hadi Mkolani imejaa watoto wa shule, baiskeli za mkaa na bodaboda. Anayetafuta kasi kwenye njia hiyo anatafuta kuua. Furaha ninayoisema ni ya kitu kinachokuitikia. Unageuza usukani kidogo, gari zima linageuka nawe. Unatoka kwenye kona ukiwa na kilomita 50 zile zile, lakini mkono, mguu na sikio vyote vimeshirikishwa. Mtu aliyeshika kasia jepesi, au fundi seremala aliyeshika randa iliyonolewa vizuri, anaijua furaha hiyo. Ni furaha ya kiumbe kuona viungo alivyopewa vinafanya kazi pamoja na chombo chema.

Pingamizi la kwanza dhidi ya furaha hii ni la mali. Litasemwa hivi: fedha iendayo gereji ingesomesha, ingejenga, ingetolewa sadaka, kuimwaga kwenye koili ni israfu, na walio wabadhirifu sifa yao katika Qur'an Waislamu wote wanaijua.

Pingamizi hili lina uzito wala silipuuzi. Lakini hebu tulipime kwa mizani ambayo wanazuoni wenyewe walituachia. Imam al-Ghazali, na baada yake Imam Shatibi wa Andalusia aliyefariki mwaka 790 Hijria, waliyapanga maslahi ya watu katika daraja tatu: ya dharura ambayo maisha hayaendi bila hayo, ya haja ambayo bila hayo maisha huwa na dhiki, na ya mapambo ambayo huyafanya maisha yapendeze. Daraja la tatu limewekwa mwisho, lakini limewekwa. Hawakulifuta. Katika Suratun-Nahl wametajwa farasi, nyumbu na punda, na matumizi yao yakatajwa kuwa ni mawili: kupandwa na kuwa pambo. Ingekuwa kipando hakina haki nyingine ila kumfikisha mtu aendako, hilo la pili lingetajwa la nini? Na tunasoma katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi mjini Madina, wale waliofunzwa wakikimbizwa kutoka Hafyaa hadi Thaniyatul Wadaa, na Abdallah bin Omar akiwa miongoni mwa walioshiriki.

Kwa hiyo furaha ya kipando chema haikuharamishwa. Kinachoulizwa ni zamu yake. Je, imelipwa kwa shilingi ambayo ilikuwa ya daraja la kwanza au la pili? Ikiwa ada ya mtoto imelipwa, chakula kipo, mama mzazi ametunzwa na haki ya maskini imetoka, hapo koili yangu haina tofauti na kanzu nzuri ya jirani yangu, au king'amuzi cha mpira cha yule mwingine, au kahawa ya kijiweni ambayo mtu akiijumlisha kwa mwaka atashtuka. Ikiwa imekula ada ya mtoto, basi hata IST ikila ada ya mtoto ni dhulma. Kipimo kiko kwenye shilingi ilikotoka, na kila mwenye nyumba anaijua shilingi yake.

Lakini naomba tuwe waangalifu. Hoja hii isitumike kuthibitisha kila kitu. Anayecheza kamari naye atasema inampa furaha. Ndiyo maana pingamizi la pili lina nguvu kuliko la kwanza, nami sikulipata kwa fundi wala kwa shemeji. Nilipewa na mama yangu. Aliniambia hivi: "Mwanangu, gari si lako peke yako."

Msomaji wa Dar es Salaam huenda asielewe uzito wa kauli hiyo. Katika mji kama Misungwi, mwenye gari mtaani ni mali ya mtaa. Mgonjwa akizidiwa usiku, mlango unaogongwa ni wako. Maiti ikitakiwa kufuatwa, posa ikipelekwa, mzee akitakiwa kliniki, majina yanayotajwa ni ya wenye magari. Hakuna sheria iliyoandikwa, ni ujirani. Kwa hiyo mtu anayenunua gari lisilotegemeka hajajinyima yeye tu. Amepunguza kitu ambacho mtaa mzima ulikuwa na matumaini nacho. Furaha ni yake, mashaka ameyagawa.

Jambo hilo lilinijia usiku mmoja wa masika. Saa nane jirani alibisha hodi. Mkewe alikuwa na uchungu, hali haikuwa nzuri, na zahanati ilikuwa imeelekeza Bugando. Gari langu lilikuwa uani na jioni ile taa ya injini ilikuwa imewaka huku injini ikikosakosa. Lingeweza kufika Mwanza. Lingeweza pia kuzimika Nyashishi, gizani, na mama mjamzito kiti cha nyuma.

"Baba Zaituni, twende basi!" alisema jirani, mkono wake tayari kwenye kitasa.

"Hili usiliamini leo," nilimjibu. "Nimeshampigia mwenye Probox, anatoka."

Probox ilifika baada ya dakika kama kumi na mbili. Nilizihesabu zote, na sitaki kuzihesabu tena. Mama alifika, mtoto alizaliwa salama, alhamdulillah. Jirani hakunilaumu. Lakini alinitazama mimi, akalitazama gari, kwa namna ambayo inanifanya niamini kwamba kama pana mahali pa kuipima furaha yangu, ni pale uani, saa nane usiku, siyo kwenye kona ya Usagara.

Niliona nini pale? Niliona kwamba kutegemeka, kabla hakujawa sifa ya chombo, ni uhusiano kati ya watu. Chombo hakiahidi kitu. Mwenye chombo ndiye anayeahidi, hata asipofungua mdomo, kwa kule kukiegesha tu mahali ambapo wengine wanakiona na kukipangia. Hivyo deni langu kwa mtaa halikuwa lazima liwe gari zima. Deni langu ni ukweli na mbadala. Ukweli: kila jirani anajua, kwa maneno yangu mwenyewe, kwamba gari hili lisiwekwe kwenye hesabu ya dharura. Mbadala: kila mwezi natenga kiasi cha kulipia safari ya Probox ya usiku kwa yeyote wa mtaa wetu atakayeihitaji, na namba ya mwenye nayo imebandikwa ukutani kwangu, anaijua mke wangu na wanaijua majirani. Mwezi ambao fedha haitoshi kwa yote mawili, koili inasubiri. Anayetaka raha ya kitu kisichotegemeka alipie yeye ule utegemevu uliopungua, asiwaachie wengine.

Kanuni hii inakuwa kali zaidi kadiri watu wanaokitegemea chombo wanavyoongezeka. Sisi wa kando ya ziwa hili hatuhitaji kufundishwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na mamia ya familia zilizika, nyingine zisione hata cha kuzika. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejaza kupita kiasi, watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Penye chombo cha umma, iwe meli, basi au gari la wagonjwa, furaha ya mwenye chombo, haraka yake na faida yake hazina kura. Kule kinachotakiwa ni uhakika tu. Ndiyo maana daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililozinduliwa Juni 2025, limepokewa hapa wilayani kwetu kwa shukrani ambayo mgeni anaweza kuiona imezidi. Aliyewahi kusubiri kivuko pale Kigongo na mgonjwa kwenye gari anajua kwamba uhakika nao ni raha, pengine kubwa kuliko zote.

Je, basi hoja imekwisha, na kijiwe kimeshinda? Bado. Upo upande mmoja ambao wenye kusifu utegemevu hawautazami. Kitu kinachotegemeka sana husahauliwa. Nenda stendi yoyote, tazama matairi ya magari yale yasiyosumbua. Utakuta yamekwisha hadi nyuzi zinaonekana, breki zinapiga kelele chuma kwa chuma, oili haikumbukwi tangu Ramadhani iliyopita. Mwenye gari anasema, "Hili halisumbui." Kweli halisumbui, mpaka siku litakapoua. Mimi kwa kulipenda gari langu, na kwa kulihofia, nalifungua boneti kila Ijumaa baada ya swala. Najua sauti yake ya afya na ya ugonjwa. Matairi yake napima upepo mwenyewe. Yako mambo ambayo mapenzi huyaona na mazoea hayayaoni.

Historia ya magari katika ukanda wetu inalithibitisha hili. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na sifa yake ulimwenguni haikuwa kasi; ilikuwa kuvunja magari. Mwaka 1963 walimaliza 7 tu, na mwaka 1968 walimaliza tena 7 tu, kati ya magari mengi yaliyoanza. Mwaka 1965 aliyeshinda alikuwa Joginder Singh wa Kenya, akiendesha Volvo iliyokuwa ya mtumba, iliyokwisha kutumika kwenye mashindano hayo kabla yake. Wenye magari mapya ya viwandani walibaki kwenye matope. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer ndogo ya lita 1.6. Gari la mtumba lilikuwa gari la mtumba kwa kila mtu; mikononi mwa anayelijua likawa gari la kufika. Maana yake ni kwamba utegemevu hauji wote kutoka kiwandani. Sehemu yake unautengeneza wewe, kwa mikono, kwa sikio na kwa subira. Mkweche wa mtu mmoja ni chombo cha mwingine.

Hata hivyo upo mtihani wa mwisho, na kwangu ndio mgumu kuliko wote, kwa sababu ndipo furaha inapokutana na fedha: siku ya kuuza. Kila gari la namna hii lina siku hiyo. Na sokoni kwetu mbinu zinajulikana: oili nzito inamiminwa ili moshi usionekane, taa ya injini inafutwa kwa mashine asubuhi ya siku mnunuzi anakuja, kilomita zinarudishwa nyuma, gari linaoshwa na kupuliziwa manukato. Aliyekuwa akiita gari lake "kimeo" jana, leo analiita "mtoto wa nyumbani".

Mwaka jana alinijia kijana mmoja mwalimu. Alikuwa ameliona gari barabarani, akalipenda kama nilivyolipenda mimi. Alikuwa na mkopo mkononi, na bei aliyotaja ilikuwa nzuri. Nami wakati huo nilikuwa na haja, kwani mwanangu mkubwa alikuwa anaingia chuo. Aliuliza swali lile ambalo wanunuzi wote huuliza: "Lina tatizo, kaka?"

Waislamu tunaikumbuka habari ya Mtume (s.a.w.) sokoni, alipoingiza mkono kwenye lundo la nafaka akakuta chini pamelowa wakati juu pakavu, na namna alivyomkemea muuzaji kwa kuificha ile iliyolowa. Tunaisikia kila mara khutbani na tunaitikia kwa vichwa. Nafaka ya zama zetu iliyolowa ndiyo hiyo taa iliyofutwa kwa mashine. Nilimkalisha kijana chini ya mwembe, nikamsomea daftari langu la gereji ukurasa kwa ukurasa: koili, pampu, oili, tarehe na gharama. Nikamwambia kwamba kama mshahara wake ndio huo tu na mkopo unakatwa humo humo, gari hili litamla. Alinishukuru, akaenda. Baada ya wiki tatu nilimwona Buhongwa akiwa kwenye IST nyeupe. Alinipungia mkono.

Ada ya chuo niliilipa kwa kuuza ng'ombe wawili. Simwelezi msomaji haya ili anisifu, namwelezea bei. Mtu akishika kitu chenye furaha na kasoro, ajue kwamba kasoro ile ni yake mpaka mwisho. Hana ruhusa ya kufaidi utamu kisha mfupa akamtegea mwenzake. Kijana yule angenunua ndoto yangu kwa fedha za watoto wake ambao hata hawajazaliwa.

Basi jibu langu kwa kijiwe ni hili. Furaha ni hoja, lakini ni hoja ya mwisho kwenye foleni, nayo inapita kwa masharti matatu. Iwe imelipwa kwa shilingi ambayo haina mwenyewe mwingine. Iwe haikumwacha anayekutegemea bila njia, wala bila kuambiwa ukweli. Na iwe kasoro yake haitahamishwa kwa siri kwenda kwa mtu mwingine. Anayeyatimiza haya, mwacheni na kigari chake. Asiyeyatimiza, hata akiendesha gari lisiloharibika milele, yeye mwenyewe ndiye kimeo.

Mtaona nimeweka masharti juu ya mtu, sikuweka juu ya gari. Yapo magari yatakayozimika na yapo yatakayochelewa kuzimika, ila hakuna lisilozimika. Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike aliyeitwa Adhbaa, ambaye hakuna aliyekuwa akimshinda mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake mchanga akampita. Masahaba waliona uchungu, naye akawafahamisha kwamba ni haki ya Mwenyezi Mungu kutokiinua kitu cha dunia ila atakishusha. Aliyekuwa na kipando kisichoshindwa hakuona ajabu kushindwa. Sisi wenye vipando vinavyovutwa kwa kamba kila baada ya miezi sita tuna sababu gani ya kutundika mioyo yetu humo?

Wiki hii taa imewaka tena. Koili nimeagiza, itafika kwa basi la Dar. Kwa sasa napanda daladala na abiria wenzangu, na Probox haijahama mtaani.

Wallahu aalam.